Kilio cha Kuazima: Sanaa ya Kutua Mizigo ya Moyo Migori na Homa Bay

Sanaa shirikishi ni ile ambayo haikamiliki mpaka mtazamaji atie mkono wake ndani yake: mchoraji huandaa ukuta lakini maneno ya ukutani huandikwa na wapita njia, mwigizaji huanzisha mchezo lakini mwisho wake huamuliwa na waliokuja kutazama, na mwimbaji huacha pengo katikati ya wimbo ili mtu mwingine apate kusema la kwake. Katika sanaa hiyo kuna tawi moja linalostahili kuangaliwa kwa makini zaidi, nalo ni lile linalomwalika mtu atue mzigo wa moyo wake, uwe ni msiba, aibu, hofu au majuto, mbele ya watu asiowajua na bila kulazimika kutaja jina. Neno kutua linafaa sana hapa, kwa sababu aliyebeba mtungi mzito kichwani hawezi kuushusha peke yake pasipo kumwaga kilichomo. Humhitaji mtu wa kumtua kama vile alivyomhitaji mtu wa kumtwika, na mtu huyo si lazima awe ndugu wala jirani, bali yeyote anayepita njiani hupewa heshima ya kuombwa naye huitikia.

Katika miji mikubwa ya dunia, sanaa ya namna hii imejengwa juu ya umbali baina ya watu. Mwaka 1980, msanii Allan Bridge alibandika matangazo katika mitaa ya New York akiwaalika watu waliowakosea wenzao wapige simu na kuungama mbele ya mashine ya kunasa sauti pasipo kujitambulisha, na mradi huo aliuendeleza mpaka kifo chake mwaka 1995. Mwishoni mwa mwaka 2004, Frank Warren aligawa kadi za posta 3,000 katika eneo la Washington, zikiwa zimeandikwa anwani yake, akawaomba watu asiowajua waandike siri ambayo hawajapata kumwambia yeyote. Kadi alizopokea tangu wakati huo zimepita milioni moja. Katika mji wa Otsuchi nchini Japani, Itaru Sasaki alisimamisha bustanini mwake mwaka 2010 kibanda cha simu isiyo na waya wa kwenda popote, ili apate mahali pa kuzungumza na binamu yake aliyefariki, na baada ya tsunami ya Machi 2011 maelfu ya waliofiwa wakaanza kufika hapo kuinua mkono wa simu na kusema na wafu wao. Kazi hizi tatu hazifanani kwa umbo, lakini zote zinategemea jambo moja: kwamba mtu amezungukwa na watu wengi kiasi cha kupotea ndani yao, na kwamba hakuna atakayeutambua mwandiko wake, sauti yake wala kisa chake.

Sharti hilo halipatikani kirahisi katika kaunti za Migori na Homa Bay, ukanda wa kusini-magharibi mwa Kenya unaopakana na Ziwa Viktoria na, upande wa Migori, na Tanzania. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,131,950 katika Homa Bay na 1,116,436 katika Migori, lakini tarakimu hizo zinaweza kumpotosha msomaji, kwa kuwa mtu haishi katika kaunti bali katika boma, ambalo Waluo huliita dala, na katika ukoo, kanisa, soko na ufuo wa wavuvi, ambako swali la kwanza aulizwalo mgeni ni mwana wa nani na ametoka wapi. Lau sanduku la kutumbukizia karatasi za siri lingewekwa leo Muhuru Bay, Sori, Mbita au Kendu Bay, karatasi nyingi zisingehitaji jina ili mwandishi atambulike, kwani mke wa pili aliyefiwa na mume mwezi uliopita na kunyimwa shamba na mashemeji huenda akawa mmoja tu katika kijiji kizima, na kisa chenyewe ndicho jina lake. Kutotajwa jina kwa namna ya New York, kwa hiyo, si kitu kinachoweza kubebwa na kutuliwa kando ya ziwa kama kilivyo. Hata hivyo, ni kosa kudhani kwamba eneo hili halina sanaa ya kuwatua watu mizigo yao mbele ya wageni. Inayo, ni ya kale, na imejengwa juu ya kanuni nyingine, ambayo ni kwamba badala ya kulificha jina la mwenye uchungu, sanaa huuhamisha uchungu wenyewe kutoka kinywani mwake hadi kinywani mwa mwingine.

Mahali pa kwanza pa kuiona kanuni hiyo ni matangani. Waluo ndio wengi katika kaunti zote mbili, wakiishi pamoja na Wakuria wa mashariki ya Migori na Wasuba wa visiwa vya Rusinga na Mfangano na fukwe zinazovielekea, na katika maisha yao hakuna mkutano unaovuta watu wa mbali kuliko mazishi. Kifo hutangazwa kwa nduru, yaani ukemi mkali wa kilio, na kuanzia hapo boma hufunguka kwa kila anayekuja: wakwe, wanakanisa wenza, wafanyabiashara wa soko moja, watu waliosoma na marehemu, na wengine wengi ambao wafiwa hawajapata kuwaona. Anayeingia huingia akilia, na wengine huingia kwa kukimbia huku wakimsemesha marehemu kwa sauti, wakimuuliza amemwachia nani watoto na kwa nini amekwenda bila kuaga. Aliyekufa akiwa mwanamume mzima hufanyiwa pia tero buru, ibada ambayo wanaume na ng'ombe wao hutoka kwa vishindo, mikuki na ngao wakiigiza vita, ili kifo kifukuzwe kutoka katika mipaka ya boma. Kila kitendo hapa kina umbo lililopangwa na kila mgeni anajua zamu yake, na ndiyo maana haitakuwa kukuza mambo kuyaita mazishi haya sanaa shirikishi kwa maana kamili ya neno hilo.

Kilicho muhimu zaidi kwa mada hii ni ruhusa ambayo desturi humpa mwombolezaji. Mwanamke anayeingia bomani akilia kwa sauti anaweza kuwa anamlilia marehemu aliyelala mbele yake, na anaweza pia kuwa anamlilia mtoto wake mwenyewe aliyezikwa miaka kumi iliyopita, au ndoa iliyovunjika, au maradhi ambayo bado hajamweleza mtu, na hakuna mwenye haki ya kumuuliza ni lipi kati ya hayo linalomtoa machozi. Msiba wa mwenzake umemwazima pazia. Analia hadharani, mbele ya mamia ya watu, kwa sauti ya juu kabisa, na bado siri yake iko salama kuliko ingekuwa ndani ya bahasha, kwa sababu machozi yote ya siku hiyo yamekwisha kupewa jina moja, jina la marehemu. Hiki ndicho kilio cha kuazima, na atakayekichukulia kuwa unafiki hajakielewa, kwa maana kinamnufaisha anayelia na kumheshimu anayeliliwa kwa wakati mmoja.

Pale kilio kinapogeuka kuwa muziki, anayekibeba kwa niaba ya wengine ni mpiga nyatiti. Nyatiti ni kinanda cha Waluo chenye nyuzi nane, ambazo zamani zilitengenezwa kwa kano za ng'ombe na siku hizi mara nyingi huwa za nailoni ya kuvulia samaki. Mpigaji huketi juu ya kigoda kifupi karibu kabisa na ardhi, huvaa pete ya chuma katika kidole gumba cha mguu na kuigonga kwenye ukingo wa kinanda, na hufunga njuga mguuni, hivi kwamba mtu mmoja hutoa sauti ya uzi, ya chuma, ya njuga na ya koo kwa pamoja. Kimapokeo ulikuwa muziki wa wanaume, na mazishi yalikuwa mojawapo ya majukwaa yake makuu. Mtafiti Henry Owuor Anyumba, ambaye baadaye angeungana na Ngũgĩ wa Thiong'o na Taban lo Liyong katika mjadala maarufu wa mwaka 1968 kuhusu ufundishaji wa fasihi katika chuo kikuu mjini Nairobi, aliziandikia nyimbo za maombolezo za nyatiti makala iliyochapishwa mwaka 1964, na kwa hatua hiyo akaziweka katika safu ya fasihi inayostahili kusomwa. Mwimbaji wa nyatiti haimbi kama mtu aliyeajiriwa kusifu maiti asiyemhusu. Huanza kwa kujitaja yeye na alikotoka, huwataja wafu wake mwenyewe, humlilia mama yake au ndugu yake, kisha hupita kutoka kaburi lake hadi kaburi la mwenyeji kana kwamba hakuna ua kati ya maboma hayo mawili. Ujuzi huu wa kupita kutoka uchungu mmoja hadi mwingine ndio unaowafungulia mlango wasikilizaji, maana kila mmoja huona kwamba njia imekwisha kutengenezwa na kwamba na wake pia unaweza kupita.

Wasikilizaji huingia kwa njia ya pakruok. Neno hili la Kiluo lina maana ya kujisifu, lakini tafsiri hiyo peke yake haitoshi, kwa sababu pakruok ni sehemu ya muziki wenyewe: msikilizaji humtuza mwimbaji pesa, muziki hupunguzwa au kusimamishwa, na mtoa pesa husema maneno yake mbele ya hadhira, kisha muziki huendelea, mara nyingi mwimbaji akiwa ameyachukua maneno hayo na kuyafuma ndani ya wimbo. Utaratibu huu ulianzia katika nyatiti na karamu za pombe za wazee, ukahamia katika orutu, yaani zeze la uzi mmoja linalopigwa kwa upinde, kisha katika mitindo ya ohangla na benga, na hata leo ni vigumu kuufikiria muziki wa Kiluo bila huo. Anayejitokeza hajitaji kwa jina lililo katika kitambulisho chake. Hujiita kwa mnyama, kwa mlima, kwa upande wa ziwa aliotoka, kwa mwana wa mtu fulani au kwa shemeji wa watu fulani, na majina haya ya sifa wakati mwingine humeza jina la kuzaliwa, kama ilivyokuwa kwa mwimbaji wa dodo kutoka Siaya anayejulikana duniani kama Ogoya Nengo. Dodo, ni vyema kueleza, ni uimbaji wa wanawake wa Kiluo, ambao nao una nafasi ya sifa, ya masuto na ya malalamiko, na ambamo mwanamke husikika akisema mambo ambayo ingemwia vigumu kuyasema akiwa ameketi jikoni kwa mama mkwe wake.

Jina la pakruok linafanya kazi ambayo kadi ya posta ya Frank Warren hufanya kwa njia ya kinyume. Kadi humlinda mtu kwa kumfuta, ilhali pakruok humlinda kwa kumvika: anasimama akionekana na wote, lakini anasema akiwa mtu mwingine, mkubwa zaidi na jasiri zaidi, na chini ya vazi hilo anaweza kuingiza neno la huzuni. Uyatima, ambao Waluo huuita kich, umo katika nyimbo zao kwa wingi, na mtu anapojisifu kwamba yeye ni mtoto wa kich aliyejilea mwenyewe, kujisifu huko kumebeba ndani yake miaka ya njaa na kufukuzwa shule ambayo hakuna aliyemwuliza habari zake. Wasikilizaji huelewa, hupiga vigelegele, na muziki huendelea. Hakuna anayemfuata nje kumhoji. Wenyeji wa pwani wataitambua mbinu hii mara moja, kwani katika taarabu mtu huinuka wakati wa ubeti fulani na kwenda kumtuza mwimbaji, na ukumbi mzima hujua kwamba ubeti huo umemgusa ingawa yeye hakufungua kinywa. Leso nayo, ambayo duka la Kaderdina Hajee Essak mjini Mombasa limekuwa likihusishwa nayo tangu mwaka 1887 chini ya alama ya Mali ya Abdulla, humruhusu mwanamke kubeba kiunoni maneno ambayo hakuyatamka, na akiulizwa anaweza kujibu kwa haki kwamba maneno hayo ni ya kitambaa.

Sanaa hizi zilijaribiwa vikali na ugonjwa ambao watu wa eneo hili waliupa jina la ayaki. Virusi vya Ukimwi viliikumba Nyanza Kusini, zilipo kaunti hizi mbili, kwa uzito usio na mfano nchini Kenya: utafiti ulioendeshwa na shirika la Madaktari Wasio na Mipaka katika Ndhiwa, kaunti ya Homa Bay, mwaka 2012 ulikuta takribani asilimia 24 ya watu wazima wakiishi na virusi, na utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018 ulikadiria asilimia 19.6 kwa Homa Bay na asilimia 13.0 kwa Migori, wakati wastani wa taifa ulikuwa chini ya asilimia 5. Shirika hilo lilikuwa limefika Homa Bay tangu mwaka 1996, na mwaka 2001 hospitali ya wilaya ya mji huo ikawa miongoni mwa hospitali za kwanza za umma nchini kutoa dawa za kupunguza makali ya virusi bila malipo. Lakini kabla ya dawa kuenea, ugonjwa ulikuwa umekwisha kupata maelezo ya kienyeji yaliyouongezea uzito wa aibu, kwa sababu kudhoofika kwa mwili kulifanana na chira, hali ya kukonda na kufa inayosemekana kumpata aliyevunja mwiko wa ukoo. Mgonjwa alihukumiwa mara mbili, mara moja kwa uasherati na mara ya pili kwa kuvunja mwiko, na mjane aliyesalia alibaki na siri ambayo hata matangani haikuwa rahisi kuililia, maana sasa watu walikuwa wameanza kuuliza ni nini hasa kilichomuua marehemu. Hapo pazia la zamani lilichanika, na sanaa ikalazimika kutafuta lingine.

Pazia jipya lililoenea zaidi lilikuwa mchezo wa kuigiza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, shirika la afya la PATH lilikuza nchini Kenya, hasa upande wa magharibi, aina ya maigizo iliyoitwa Magnet Theatre, jina linalotokana na sumaku, kwa kuwa mchezo hurudiwa mahali palepale na wakati uleule kwa ratiba inayojulikana, ili kundi lilelile la watu livutwe tena na tena mpaka lizoee kusema. Kikundi cha vijana wa eneo husika huigiza kisa cha mtu aliyefika njia panda, tuseme mchuuzi wa omena ambaye mvuvi anakataa kumuuzia samaki mpaka akubali kulala naye, mapatano ambayo kando ya ziwa huitwa jaboya. Kisa kinapofika kileleni, mwezeshaji husimamisha mchezo na kuigeukia hadhira, akiuliza mchuuzi huyu afanye nini. Anayejibu halazimiki kusema kwamba yaliwahi kumpata. Husema anachofikiri kuhusu mchuuzi, au huombwa asimame na kukichukua kiti cha mwigizaji na kuonyesha kwa vitendo, na kwa njia hiyo mwanamke aliyeyapitia mambo hayo asubuhi ileile anaweza kuzungumza nusu saa nzima juu ya maisha yake mwenyewe huku akimtaja mtu ambaye hayupo duniani.

Mzizi wa mbinu hii uko Amerika Kusini, kwa mwandishi wa tamthilia na mwelekezi wa Kibrazili Augusto Boal, aliyefariki mwaka 2009. Boal mwenyewe alieleza kwamba umbo hili lilizaliwa nchini Peru mwaka 1973, wakati mwanamke mmoja asiyejua kusoma alipomletea kisa chake: mumewe alikuwa amemkabidhi karatasi za kutunza akidai ni stakabadhi za nyumba, na aliposomewa akagundua kuwa ni barua za mapenzi kutoka kwa mwanamke mwingine. Boal alikigeuza kisa hicho kuwa mchezo na kuwauliza watazamaji mke huyo afanye nini mumewe atakaporudi. Mwanamke mmoja wa hadhira hakuridhishwa na namna waigizaji walivyolitekeleza pendekezo lake, na hatimaye akapanda jukwaani mwenyewe na kumshughulikia mume kwa mikono yake, huku ukumbi ukifurahi. Tangu siku hiyo Boal alikataa kuwaita watu watazamaji tu. Kinachogusa katika kisa hiki, kwa msomaji wa Homa Bay au Migori, ni kwamba mwanamke aliyeleta mzigo na mwanamke aliyeutua walikuwa watu wawili tofauti.

Karibu na hapo, ng'ambo ya mpaka wa Homa Bay, kuna mfano wa Kiluo usiotokana na mradi wa afya. Katika Sigoti, eneo la Nyakach, kaunti ya Kisumu, kikundi cha wanawake wakulima wa Kawuonda kilijizoeza kutunga maigizo kutokana na maisha ya wanachama wake, kazi ambayo mtafiti wa Kiholanzi Eugene van Erven aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu maigizo ya jamii duniani. Jambo la kuzingatia ni kwamba mtunzi mmoja hakutafutwa: kisa cha mwanamke huyu kiliunganishwa na cha yule, mpaka mchezo ulipokuwa tayari haukuwa tena mali ya mtu mmoja wa kunyooshewa kidole. Mbinu hii ya kuchanganya visa ndiyo kinga bora zaidi kwa jamii ndogo, bora hata kuliko sanduku lenye kufuli.

Kuna pia sanaa ya mkono iliyokuja na Ukimwi. Nchini Uganda, wanawake wa chama cha NACWOLA, kilichoanzishwa mwaka 1992 na wanawake wanaoishi na virusi, walieneza vitabu vya kumbukumbu, ambamo mama aliwaandikia watoto wake asili ya ukoo, tabia za utotoni mwao na ukweli wa ugonjwa wake. Huko Khayelitsha, Cape Town, mwaka 2002, ikaanza kazi ya ramani za miili: mtu hulala juu ya karatasi kubwa, mwenzake huchora umbo lake, kisha yeye hujaza ndani ya umbo hilo alama za makovu, dawa, mimba, waliokufa na nguvu zinazomwinua kila asubuhi. Jijini Nairobi, msanii Xavier Verhoest aliendesha warsha za ramani hizo pamoja na Wakenya wanaoishi na virusi. Kitabu cha kumbukumbu kina majina yote na kimekusudiwa mtoto mmoja. Ramani ya mwili haina haja ya jina wala sura, na inaweza kutundikwa ukutani mahali popote, ambapo mgeni husimama mbele ya umbo lenye ukubwa wa mtu na kuona kovu la upasuaji lilipo, akajua kwamba hapa kuna mtu kweli, ingawa hawezi kumtambua akikutana naye sokoni.

Swali zito katika haya yote ni la nani anayeupokea mzigo ukishatuliwa, na Kenya imepata funzo lake. Kundi la wasanii la Nest Collective la Nairobi lilikusanya masimulizi yasiyo na majina kutoka kwa Wakenya wanaopenda watu wa jinsia yao, na kutokana nayo likatengeneza filamu Stories of Our Lives, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Toronto mwaka 2014. Mwezi Oktoba mwaka huo, filamu hiyo ikapigwa marufuku nchini Kenya. Waliosimulia walibaki salama kwa sababu majina yao hayakuwahi kuwekwa ndani ya kazi hiyo. Waliobeba hatari ni wasanii, na pengine ndivyo inavyopaswa kuwa, kwamba anayewaalika watu watue mizigo akubali kuwa wa kwanza kuulizwa.

Hatari nyingine ilikuwa ya kisheria na iliwagusa wale walioelemewa zaidi. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa linaloweza kumpeleka mtu gerezani hadi miaka miwili, na kwa hiyo aliyethubutu kumweleza mwenzake, au kuandika kwenye karatasi, kwamba alijaribu kukatisha maisha yake, alikuwa anaungama jinai. Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Hukumu hiyo inabadilisha mengi kwa yeyote anayefikiria kuweka ukuta wa kuandikia au sanduku la siri katika kituo cha mabasi cha Migori au katika shule ya Suba, lakini haimwondolei wajibu wa kupanga mapema ni nani atakayezisoma karatasi, zitasomwa lini, na mshauri nasaha yuko umbali gani pindi mojawapo ikisema kwamba mwandishi wake hataiona Jumapili. Frank Warren mwenyewe alikuwa amejitolea katika huduma ya simu ya kuzuia watu wasijiue, na ujuzi huo haukuwa pambo katika mradi wake. Sanaa inayofungua kifua cha mtu kisha ikafunga virago na kuondoka na picha nzuri za maonyesho imemwibia, na ni heri isingalikuja.

Wakati huohuo, nafasi ya zamani ya kulilia inapungua. Machifu na makamishna wamekuwa wakipiga marufuku disko matanga, yaani mikesha ya muziki wa kukodi kabla ya mazishi, wakieleza kwamba wasichana wadogo hudhuriwa katika mikesha hiyo, na hoja hiyo ina uzito usioweza kupuuzwa katika kaunti ambazo mimba za utotoni zimekuwa janga. Pamoja na hayo, marufuku inayofuta usiku mzima hufuta pia zeze, nyatiti na shangazi aliyekuwa akisubiri usiku wa manane ili alie bila kutazamwa usoni.

Jinsi usiku huo ulivyokuwa na kazi ilionekana wazi wakati wa janga la korona. Kuanzia tarehe 27 Machi 2020, Wakenya walikatazwa kutoka nje usiku, na kwa kipindi fulani waliohudhuria mazishi hawakupaswa kuzidi watu 15, wote wakiwa wa familia. Walioondolewa kwa amri hiyo, kwa hiyo, walikuwa ni wageni: mchuuzi wa soko moja na marehemu, mwanafunzi mwenzake wa zamani, mpita njia aliyesikia nduru na kugeuza baiskeli. Familia zilizika haraka, mchana, zikiwa na wale tu waliokwisha kuzijua siri zao zote, na maboma mengine yakabaki na kilio ambacho hakikupata mtu wa kukiazima. Amri ya usiku iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, na mikesha ikarejea bomani, pamoja na watu ambao hakuna mwenyeji aliyekuwa amewaalika.